Kiuno cha Dereva, Goti la Daraja na Bega la Benchi

Barua za mwezi huu ni 17, na nimehesabu zile zinazoanza na neno "nimeambiwa". Ni 11. Nimeambiwa nyonga imepinda. Nimeambiwa mguu wa kushoto ni mrefu. Nimeambiwa makalio yamelala. Nimeambiwa mafuta ya goti yamekwisha. Yaani Nairobi hii hakuna mtu anayeumwa tu. Kila mmoja ana jambo aliloambiwa, na mara nyingi aliyemwambia ndiye anayemuuzia dawa yake. Nimechagua sita. Wengine msinune, zamu yenu yaja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa matatu ya Rongai, miaka 38. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, narudi saa tatu usiku. Kiuno kinaniuma miezi minane sasa, upande wa kulia zaidi, na nikishuka garini natembea hatua kumi nimeinama kama mzee kabla sijanyooka. Nilipigwa picha ya MRI, ikasema diski moja imetokeza. Mtu wa jimu akaniambia nyonga yangu imeinamia mbele, misuli ya nyuma ya mapaja imekaza kama waya na makalio yamelala, nilipie vipindi 20 vya kunyooshwa. Nimemaliza 12. Nikinyooshwa napata nafuu hadi jioni, kesho yake hali ni ile ile. Nimalizie vile vinane ama niache? Na je, niache kuendesha?
*Dereva, Rongai*

Marahaba mwanangu. Kuendesha usiache. Vile vinane, kama pesa ulishatoa, mwambie akufundishe kuinua uzito badala ya kukunyoosha. Akikataa, umepata jibu lako.

Kabla hatujaenda mbali: mkojo unatoka vizuri? Sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli haina ganzi? Mguu hauburuti? Hujakonda bila sababu, huna homa za usiku? Barua yako haitaji hata moja, nami nachukulia hayapo. Likiwepo moja, soma barua ya pili kisha uende hospitali leo.

Sasa hiyo diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kwa wenye miaka 20, kama 30 katika kila 100 walikuwa na diski iliyotokeza. Kwa wenye miaka 40 ni nusu. Kwa wenye 80 ni 84 katika 100. Watu hao walikuwa wakilala vizuri, wakisali wakiinama na kuinuka, hawana habari. Kwa umri wako diski iliyotokeza ni kama mvi: ipo, inaonekana, na haithibitishi kwamba kichwa kinauma. Sisemi diski haiumi kamwe. Ikibana neva, maumivu hushuka mguuni kama umeme, mara nyingi mpaka chini ya goti. Wewe mguu hukuutaja.

Maneno ya nyonga kuinama na makalio kulala yana asili yake, wala hayakuzuliwa na mtu wako wa jimu. Palikuwa na daktari Mcheki, Vladimir Janda, aliyeugua polio akiwa kijana na baadaye akatumia maisha yake kuangalia misuli ya watu inavyosaidiana na inavyotegeana. Alisema kwa wengi kuna misuli inayoelekea kukaza, ile ya mbele ya nyonga na ya kiunoni, na mingine inayoelekea kulegea, ya tumbo na ya makalio. Ukiichora kwa ubavuni na kuunganisha inayofanana, unapata msalaba kiunoni. Nilifundishwa hivyo chuoni, na kwa miaka nilikuwa namtazama mtu anayeingia mlangoni nikiutafuta msalaba wake. Shida ni kwamba niliuona kwa kila mtu. Niliuona kwa wanaoumwa, nikauona kwa karani wetu ambaye hajaumwa kiuno tangu azaliwe, nikajitazama kwenye kioo, nami ninao. Kwa hiyo siku hizi sishtuki tena kwa jinsi mtu anavyosimama. Namuuliza anabeba nini, anakaa saa ngapi, na kimebadilika nini tangu maumivu yaanze.

Na hapo ndipo ninapogombana na vile vipindi 20. Msuli unaouhisi umekaza si lazima uwe umefupika. Umewahi kumbeba mtoto aliyelala, kwa mkono mmoja, kutoka steji hadi nyumbani? Ukimlaza, mkono umekaza hata kikombe hukishiki vizuri. Hakuna atakayesema mkono umekuwa mfupi. Umechoka. Nyuma ya mapaja yako ni vivyo hivyo: umekaa saa kumi na kitu msuli haufanyi kazi yoyote ya maana, halafu jioni unainama ghafla kutoa tairi la spea. Msuli dhaifu ukibebeshwa mzigo unajihami kwa kukaza. Ukinyooshwa, neva zinatulia kwa saa chache, unapata ile nafuu yako ya hadi jioni. Kesho mzigo ni ule ule na msuli ni dhaifu vile vile, basi unakaza tena. Unachohitaji ni nguvu, na nguvu haiji kwa kuvutwa mguu ukiwa umelala mkekani.

Nina haki ya kusema hivi kwa sababu nami niliuziwa. Nikiwa na miaka 31 niliambiwa mguu wangu wa kulia ni mfupi, nikawekewa kipande cha ngozi ndani ya kiatu. Mwaka mzima nilitembea nacho, nikinunua viatu vya namba kubwa ili kikae, na kiuno kikaendelea kuniuma. Nilikuja kuhamia nyumba ya ghorofa ya nne ambako maji hayapandi. Asubuhi mtungi wa lita 20, jioni mtungi wa lita 20. Wiki mbili za kwanza nilimlaani mwenye nyumba kwa sauti, majirani walisikia. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimesahau kwamba nina kiuno. Kile kipande cha ngozi nilikikuta miaka mingi baadaye kwenye boksi la viatu, panya wamekila kona moja.

Wewe usianze na lita 20. Anza hivi.

Piga magoti na viganja vikiwa chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, usawa wa mgongo, usipite hapo. Shikilia sekunde 10, badilisha. Mara sita kila upande, pumzika, mara nne, pumzika, mara mbili. Mpangilio huu wa kushuka nimeuchukua kwa Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ambaye amepima migongo kuliko fundi nguo. Ukitaka kujua kama unalifanya sawasawa, mwambie mkeo akuwekee kikombe chenye maji nusu hapo juu kidogo ya makalio. Kliniki nina kikombe cha bati cha bluu, kimebonyea upande mmoja, na sijapata dereva ambaye hakikumwagikia siku ya kwanza. Kikimwagika kushoto, kiuno chako kimekimbilia kushoto. Nyoosha mguu kidogo zaidi chini, polepole, mpaka kikombe kitulie.

La pili, lala kwa ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, mwili uwe mstari mmoja. Sekunde 10, hesabu ile ile.

La tatu ndilo dawa yenyewe. Chukua fimbo ya ufagio, ishike mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mwisho wa kiuno. Sasa sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango wa gari kwa nyonga na mikono yote imejaa vitu. Magoti yakunjike kidogo. Fimbo isiachane na mwili popote pale. Ukishaweza mara 15 bila fimbo kukuacha, weka fimbo kando, chukua mtungi wenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10, uinue kwa namna hiyo hiyo. Mara nane, pumzika, mara tatu kwa siku, siku tatu kwa wiki. Kila wiki ongeza lita mbili. Maumivu ya 3 juu ya 10 wakati wa zoezi ni ruhusa, mradi asubuhi yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakiamka yamezidi, rudisha lita mbili, usiache.

Na kila ukifika steji, shuka. Usibaki kwenye kiti ukibishana na makanga kupitia dirishani. Halafu hiyo pochi ya mfuko wa nyuma upande wa kulia, ambayo sijaiona ila madereva nawajua, ihamie mbele.

Wiki sita zikipita bila mabadiliko, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia akupime kwa mikono yake. Kenya wanaandikishwa na baraza lao chini ya sheria ya 2014. Muombe leseni ya mwaka huu, asiye na la kuficha hatakasirika. Kocha wa jimu kazi yake ni kukufundisha mazoezi, na wapo wazuri sana. Akianza kukusomea MRI, chukua viatu vyako.

Mwalimu, nilibeba meza wiki jana kiuno kikalia. Sasa maumivu yameshuka miguu yote miwili, chooni nikijipangusa sihisi vizuri, na tangu jana mkojo unakuja kwa shida. Nifanye zoezi gani?
*Mama, South B*

Hakuna zoezi. Ujumbe huu ulinifikia kwa simu saa mbili usiku, nikampigia kabla hata sijavaa miwani vizuri, na nauchapa kwa idhini yake. Chini ya uti wa mgongo kuna fungu la neva linalotawala kibofu, haja kubwa na hisia za sehemu za siri. Likibanwa, madaktari wa upasuaji wanahesabu kwa saa, si kwa wiki, na likicheleweshwa mtu anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Alipelekwa dharura usiku ule ule. Mwingine akipatwa na haya, asiniandikie. Aende.

Mwalimu, habari ya siku nyingi. Nauza matunda Kangemi, nina miaka 54. Magoti yananiuma, zaidi nikishuka lile daraja la miguu la Waiyaki Way kuliko nikipanda. Asubuhi yanakaza kama dakika kumi hivi, yakipata joto yanaachia. Nimeambiwa mafuta ya goti yameisha na nisitembee sana, nisipande ngazi, nikae. Sasa nikikaa nani atauza?
*Mama Matunda*

Swali lako la mwisho ndilo aliyekuambia hayo alipaswa kujiuliza kwanza, dada yangu.

Goti halina tangi la mafuta linaloisha kama jiko la stovu. Lina ute, ambao kiungo chenyewe huutengeneza, na lina gegedu, ile nyama ngumu nyeupe unayoiona kwenye mguu wa kuku ukiumenya kiungo. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake inakipata kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sifongo ya kuoshea vyombo: unaikamua, inanyonya maji mapya. Mtu akikuambia ukae, ameiambia sifongo yako ibaki kavu. Magoti ya umri wetu huchakaa, hilo kweli, na ile dakika kumi ya asubuhi inaonyesha hivyo. Lakini matibabu ya kwanza ya goti lililochakaa, kabla ya sindano na kabla ya kisu, ni mazoezi na kupunguza uzito kama upo wa ziada. Kilo moja ukiipunguza, goti linapunguziwa kama kilo nne katika kila hatua. Uzito wako hukuusema nami siuulizi mbele za watu.

Kwa nini kushuka kunauma kuliko kupanda? Ukishuka, paja la mbele linakuwa breki. Linafanya kazi huku likirefuka, na breki ikiwa dhaifu, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inagandamizwa vibaya. Kwa hiyo tunatengeneza breki.

Una kile kiti unachokalia genge likipoa. Kama ni kigoda cha chini, kiache kwanza, tafuta kiti cha kawaida. Kikikushinda, kunja leso mbili au tatu juu yake kiinuke. Pachika mikono kifuani. Simama. Sasa kaa, na hapo kwenye kukaa ndipo penye faida: hesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse bila kujitupa. Wateja watacheka, waambie wanunue kwanza. Mara nane, pumzika, mara nane, pumzika, mara nane. Kila siku moja ukiruka moja. Kila wiki toa leso moja, hadi siku utakayotoka kwenye kigoda chenyewe.

Kabla ya kuanza, muombe kijana wa duka la jirani akushikie saa: sekunde 30, unasimama na kukaa mara ngapi? Andika kwa chaki nyuma ya kibao cha bei. Baada ya wiki nne jipime tena. Wanawake wengi ninaowafundisha hawaamini kwamba goti limepata nafuu hadi waone namba imebadilika, kwa sababu maumivu ya jana husahaulika upesi.

Daraja endelea kulivuka. Wiki za kwanza shika reli, na mguu unaouma zaidi utangulie chini. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, hiyo si kazi ya kiti, nenda hospitali. Vivyo hivyo likikwama kabisa lisinyooke.

Niaje Mwalimu. Niko Umoja, miaka 22. Tuna jimu ya mtaa, vyuma vyetu ni simiti ndani ya mikebe ya rangi. Bega la kulia linauma kwa mbele nikipiga benchi, na usiku nikililalia. Mabega pia yamejikunja mbele, washkaji wananiita kobe. Nasikia ni misuli kutolingana. Napiga kifua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.
*Kobe*

Poa. Na mgongo unaupiga siku gani? Nimesoma barua yako mara tatu nikiitafuta hiyo siku.

Vijana wengi wa jimu za mtaa wanajenga misuli ya kioo: ile inayoonekana ukijitazama. Kifua, mkono wa mbele, tumbo. Ya nyuma hamna anayeipiga picha. Mimi nilikulia Mombasa, kisima kiko uani, ndoo tunavuta kwa kamba sisi watoto. Sikumbuki mtoto aliyelalamika bega. Pengine tu hatukuruhusiwa kulalamika, lakini kuvuta tulivuta.

Bega lako ni kama embe lililowekwa juu ya kisahani cha chai: kiungo kinazunguka kote kwa sababu kisahani ni kidogo, na kwa sababu hiyo hiyo embe linaweza kuteleza. Kuna misuli minne midogo kwenye bapa la bega ambayo kazi yake ni kulishikilia embe katikati huku misuli mikubwa ikisukuma. Wewe umewaongezea nguvu wasukumaji miezi yote hii na wale wanne hujawapa hata chai. Kukunjika kwako mbele hakunitishi. Wapo makobe wasioumwa. Kinachonihangaisha ni kusukuma mara tatu kwa wiki bila kuvuta hata mara moja.

Wiki mbili acha benchi. Piga pushapu mikono ikiwa juu ya benchi, si sakafuni, bora isiume zaidi ya 3 juu ya 10. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, fundi wa baiskeli atakupa bure, uifunge kwenye grili ya dirisha usawa wa kitovu. Simama ubavu wako wa kushoto ukielekea dirishani, kiwiko cha kulia kikiwa kimekunjwa na kimebana taulo dogo kwenye mbavu. Vuta tyubu kutoka tumboni kwenda nje, kama mtu anayefungua kabati, urudishe polepole. Taulo likianguka, umedanganya. Mara 15, seti tatu. Halafu geuka uso dirishani, vuta kwa mikono miwili hadi mbavuni, mara 15, seti tatu. Fanya haya kila siku ya mazoezi kabla ya kitu kingine.

Wiki ya tatu rudi benchi na nusu ya uzito uliokuwa unabeba. Viwiko visifunguke kama mbawa za kuku anayekimbizwa. Vilete karibu na mwili, nusu ya njia kati ya mbavu na bega. Jumatano iwe ya mgongo tangu sasa. Na kila seti moja ya kusukuma idai seti mbili za kuvuta mpaka miezi mitatu iishe. Ukishindwa kabisa kuinua mkono, hasa baada ya kuanguka, tyubu haitatosha, muone daktari.

Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hunikanda kichwa, halafu huigeuza shingo ghafla, kra! Nasikia raha. Kuna ubaya?
*Msomaji, Eastleigh*

Ule mlio ni viputo vya gesi ndani ya ute wa viungo. Hakuna mfupa uliorudishwa mahali pake, haukuwa umetoka. Ila ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu kwenda kwenye ubongo, na kuzungushwa ghafla kunaweza kuuchana mmoja wao ukapata kiharusi. Ni nadra. Mimi siwezi kuicheza bahati nasibu hiyo kwenye kiti cha kinyozi. Mwambie akukande mabega aishie hapo, na umuongeze bakshishi kwa kuishia hapo.

Mwalimu, mimi leo si mtu wa shikamoo. Uliandika hapa kwamba kano ya kisigino inatibiwa kwa kusimama kwenye ngazi na kushusha kisigino chini ya ngazi, mara 180 kwa siku. Nina miaka 45, ni mhasibu, nakimbia Karura na najiandaa kwa kilomita 21. Nimefanya wiki tatu kama ulivyosema. Sasa kisigino kimevimba kwa nyuma na hata kiatu cha ofisi kinanichoma. Umeniponza.
*Mkimbiaji, Kileleshwa*

Nimekuponza kweli, na nakuomba radhi. Nilichoandika kilikuwa sahihi nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayokuhusu.

Zoezi lile lilienezwa na daktari wa mifupa wa Uswidi, Håkan Alfredson, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1998. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano na mkubwa wake akakataa kumpasua, basi akaamua kuipa kano mzigo mzito hadi ikatike, apasuliwe kwa lazima. Haikukatika. Ikapona. Seti tatu za mara 15, goti likiwa limenyooka, tatu nyingine likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Jumla ndiyo hizo 180.

Nilichosahau kuandika ni wapi panapouma. Shika kano yako kwa vidole viwili, ubonyeze ukishuka. Ikiuma katikati, vidole vitatu au vinne hivi juu ya mfupa, zoezi la ngazini ni lako. Ikiuma pale chini kabisa inapoingia kwenye mfupa wa kisigino, pale penye ukingo wa kiatu, basi kila ukishusha kisigino chini ya ngazi unaigandamiza kano kwenye mfupa. Ulifanya hivyo mara 180 kwa siku, wiki tatu. Barua yako inasema kiatu cha ofisi kinachoma, kwa hiyo najua ulipo.

Toka kwenye ngazi. Simama sakafuni, shika meza, panda kwa vidole hesabu tatu, shuka hesabu tatu, kisigino kiishie sakafuni. Anza kwa miguu miwili, mara 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki, si kila siku. Uzito wa polepole siku tatu kwa wiki umelinganishwa na zile 180 za kila siku kwa wenye maumivu ya katikati ya kano, na baada ya wiki 12 wote walikuwa mahali pamoja; kwa mtu mwenye kazi ya ofisi sioni haja ya kujitesa. Ukizoea, vaa begi mgongoni lenye paketi mbili za unga za kilo mbili, kisha mguu mmoja. Usilivute shavu la mguu kwa kuegemea ukuta, kunyoosha huko ni kugandamiza kule kule. Kiatu chenye kisigino kidogo kitakupunguzia. Viatu vya kukimbilia vilivyo bapa, viweke kabatini kwa sasa.

Kukimbia: punguza hadi pale ambapo asubuhi inayofuata kisigino hakilalamiki zaidi ya kawaida yake, hata kama ni kilomita tatu. Vilima vya Karura viruke, tafuta njia tambarare.

Swali moja ambalo nilipaswa kuuliza tangu mwanzo: hivi karibuni ulinunua cipro, ile dawa ya kuua bakteria, duka la dawa kwa ajili ya tumbo au mkojo? Dawa za familia hiyo zinajulikana kudhoofisha kano, na ya kisigino ndiyo ya kwanza kuumia. Kama ndiyo, simamisha kukimbia kabisa na umwambie daktari. Na kama siku moja utasikia "pa!" kama umepigwa teke kwa nyuma, ugeuke usione mtu, na kusimama kwa vidole kumekushinda, kano imekatika, hospitali siku hiyo hiyo.

Niandikie baada ya wiki sita unieleze umefika wapi. Na shikamoo yangu naidai.